Nimegeuza MoTe₂ kuwa ya kimetali, mbona joto halipiti zaidi?

"Ninafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu swichi ya joto inayotumia MoTe₂, fuwele ya matabaka ya molibdeni na teluri. Nimebandua vipande vya unene wa nanomita 5 hivi kwa utepe, nikaviweka juu ya silikoni yenye oksidi ya nanomita 300, kisha nikageuza sehemu ya kila kipande kutoka awamu (mpangilio wa atomi) ya 2H, ambayo ni nusu-kipitishi, kwenda 1T′ kwa leza ya nanomita 532 ya mashine yetu ya Raman (inayosoma mitetemo ya atomi kwa mwanga). Awamu ya 1T′ ni ya kimetali, kwa hiyo nilitarajia ipitishe joto zaidi. Badala yake, sehemu niliyoipiga leza inapata moto kuliko jirani yake kwa nguvu ileile ya leza. Nimekosea nadharia au kipimo? Ipo njia bora ya kubadili awamu? Chuo chetu hakina kisanduku cha glavu (sanduku lililofungwa lenye gesi kavu), na msimamizi wangu amependekeza nijaribu butili-lithi, kemikali ya kuingiza lithi kwenye fuwele. Au nibadilishe mada kabisa?"

Swali lako limebeba mambo mawili, na ni vizuri tuyatenganishe mapema. Lipo la fizikia: fuwele ikigeuka metali, ni lazima ipitishe joto zaidi? Na lipo la kipimo: ulichokiona kwenye skrini ni upitishaji joto kweli, au ni kitu kingine kilichovaa sura yake? Jibu la swali la kwanza ni hapana. Kuhusu la pili, kwa maelezo uliyonipa, umepima kitu kingine. Usiitupe mada, lakini pia usiandike popote, kwa sasa, kwamba upitishaji umepungua.

Tuanze na metali. Sufuria za alumini na nyaya za shaba zimetuzoesha kuamini kwamba kinachopitisha umeme hupitisha na joto. Katika shaba ni kweli, na sheria ya Wiedemann na Franz inatuonyesha kwa nini. Sehemu ya joto inayobebwa na elektroni ni upitishaji umeme ukizidishwa kwa halijoto na kwa namba ya Lorenz, ambayo ni 2.44 × 10⁻⁸ W·Ω/K². Kwa kelvini 300, kizidishi chote kinakuwa 7.3 × 10⁻⁶. Shaba ina simensi karibu milioni 60 kwa mita, hivyo tunapata takribani wati 440 kwa mita kwa kelvini. Thamani inayopimwa ni kama 400. Maana yake, karibu joto lote la shaba linasafiri na elektroni.

Sasa weka 1T′-MoTe₂ kwenye hesabu hiyohiyo. Chukua ukinzani wa nusu miliomu-sentimita katika halijoto ya chumba, ambao ni wa kadiri inayofaa kwa fuwele nene zilizo safi. Huo ni sawa na simensi 200,000 kwa mita. Zidisha: wati 1.5 kwa mita kwa kelvini, basi. Ni metali, naam, lakini inapitisha umeme mara 300 chini ya shaba, na mchango wa elektroni zake kwenye joto ni mdogo kiasi hicho hicho. Kipande chembamba chenye kasoro nyingi kitatoa hata chini ya hapo. Kwa hiyo ulipotarajia awamu ya kimetali ifungue mlango wa joto, ulikuwa unategemea wati moja na nusu. Ingetosha tu fononi zipungue kidogo ili faida hiyo yote imezwe.

Na fononi ndizo zenye kazi hapa. Hizi ni mitetemo ya fuwele inayosafiri kama mawimbi, na katika vifaa vya familia hii hubeba karibu joto lote. Tabaka moja la 2H lina atomi 3 katika kila kizio cha fuwele: molibdeni moja na teluri mbili. Atomi 3 zinatoa matawi 9 ya mitetemo, ambayo 3 ni ya akustika na 6 ni ya optiki. Katika 1T′, atomi za molibdeni husogeleana na kujipanga kwa minyororo ya zigizaga, kwa hiyo kizio kinakuwa na atomi 6 na matawi yanafika 18: yaleyale 3 ya akustika, na 15 ya optiki. Fononi za akustika ndizo zenye kasi, ndizo zinazobeba joto jingi. Za optiki hutembea polepole, lakini zikiwa na nishati ndogo hugongana na zile za akustika na kuzikatiza safari. Umeongeza wagonganaji bila kuongeza wabebaji. Kwa muundo peke yake, hata fuwele ikiwa safi kabisa, hakuna sababu ya kutarajia 1T′ iishinde 2H.

Minyororo hiyo ya zigizaga inaleta jambo jingine ambalo watu hulisahau. Katika 2H, pande zote ndani ya tabaka ni sawa kwa joto. Katika 1T′ si sawa: kuna mwelekeo unaofuata mnyororo na mwelekeo unaoukata, na kila mmoja una thamani yake. Ukiripoti namba moja ya 1T′ bila kusema mwelekeo, msomaji makini atakuuliza ni ipi.

Hapo tumeongea fuwele safi. Yako si safi, na kwa maoni yangu hapo ndipo utamu wa mada hii ulipo. Mabadiliko ya awamu katika vifaa vya tabaka hudhibiti joto hasa kwa kuvuruga mpangilio: mchanganyiko wa maeneo ya awamu mbili yaliyopakana, nafasi tupu zilizoachwa na atomi, tabaka zilizoteleza. Mfano bora uliopo ni wa lithi na MoS₂, ndugu ya MoTe₂ yenye salfa badala ya teluri. Mwaka 2016 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba lithi ikiingizwa kati ya matabaka, uwiano wa upitishaji wa ndani ya tabaka dhidi ya ule wa kukata tabaka (kutoka tabaka moja hadi jingine) unapanda kutoka kama 52 hadi 110, pale lithi inapofika 0.34 kwa kila molibdeni. Mwaka 2018 kikundi cha Stanford kikaonyesha utando wa MoS₂ wa nanomita 10 ambao mpitisho wake wa joto kwa kukata tabaka ulibadilika karibu mara 10, kwenda na kurudi, kwa kuingiza na kutoa lithi. Angalia mambo mawili hapo. Kwanza, hali yenye lithi, ambayo ndiyo yenye awamu ya kimetali ndani yake, ndiyo iliyopitisha joto kidogo. Pili, badiliko lilichukua dakika, kwa sababu ioni zinahitaji muda kutembea. Yeyote anayekuahidi swichi ya nanosekunde kwa njia hii muulize ioni zake zinaendeshwa na nini.

Kama kifariji, hata metali inayopitisha umeme inaweza kukataa kubeba joto. Oksidi ya vanadi, VO₂, hugeuka kutoka kihami kuwa metali ikifika nyuzi 68 za Selsiasi, na mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba elektroni zake karibu na mgeuko huo hubeba joto kidogo sana kuliko sheria ya Wiedemann na Franz inavyodai. VO₂ si kifaa cha tabaka, lakini iweke akilini, nitairudia.

Sasa kipimo chako. Kitu cha kwanza kinachokisumbua ni oksidi iliyo chini ya kipande. Tufanye hesabu kwa upitishaji wa wati 20 kwa mita kwa kelvini. Namba hii naichagua kwa mfano, MoS₂ nene iko karibu 80 hadi 100 na MoSe₂, yenye seleni, kama 35, na teluridi zenye atomi nzito ziko chini zaidi. Ukizidisha 20 kwa unene wa nanomita 5 unapata 10⁻⁷ W/K. Joto likishatoka kwenye doa la leza lina njia mbili: kwenda pembeni ndani ya kipande, au kushuka kwenye oksidi. Njia ya kushuka ina vizuizi viwili. Mpaka wa MoS₂ na oksidi ya silikoni umepimwa kuwa na mpitisho wa karibu megawati 15 kwa mita ya mraba kwa kelvini, na tuukopeshe MoTe₂ namba hiyo. Nanomita 300 za oksidi zenyewe, kwa upitishaji wa 1.4, ni kizuizi kikubwa zaidi. Jumla ya vizuizi hivyo ni 2.8 × 10⁻⁷ m²K/W. Zidisha kwa 10⁻⁷, chukua kipeuo cha pili, na unapata umbali ambao joto linatembea pembeni kabla ya kuzama: kama nanomita 170. Kwa tabaka moja ni nanomita 63 tu. Doa la leza yako lina upana wa mikromita moja au karibu na hapo. Ni sawa na kumwagilia shamba kwa mfereji uliochimbwa kwenye mchanga: maji yanazama pale pale ulipoyamimina, na huwezi kujua lolote kuhusu mwisho wa mfereji. Kifaa chako, kama kilivyo sasa, kinapima oksidi na mpaka wake. Upitishaji wa ndani ya tabaka karibu haumo kabisa katika jibu unaloliona.

Basi kwa nini sehemu ya 1T′ inapata moto zaidi? Nina washukiwa watatu na wote wanaweza kuwa na hatia kwa pamoja. Wa kwanza ni ufyonzaji wa mwanga. 2H na 1T′ hazifyonzi mwanga wa nanomita 532 kwa kiwango kimoja, kwa hiyo nguvu ileile ya leza haina maana ya joto lilelile. Wa pili ni kipimajoto chenyewe. Halijoto unaisoma kwa kuangalia kilele cha Raman kinavyosogea, na kila kilele kina mwendo wake kwa kila nyuzi. Ukitumia urekebishaji wa kilele cha 2H kilicho karibu na 235 cm⁻¹ (kizio cha masafa ya mitetemo) kusoma halijoto ya 1T′, ambayo kilele chake kizuri kiko karibu na 163 cm⁻¹, umepima kwa rula ya mtu mwingine. Wa tatu ni leza yenyewe: ilipogeuza awamu ilipunguza pia unene na kudhoofisha mshiko wa kipande na oksidi. Mpaka ukidhoofika, joto hukwama juu.

Hapo kwenye leza naomba tukae kidogo. Njia unayoitumia ilitangazwa mwaka 2015 katika jarida la Science, na maelezo yake ni kwamba leza hutoa teluri, na nafasi tupu za teluri ndizo zinazoisukuma fuwele kuwa 1T′. Kwa kutengeneza mguso mzuri wa umeme ni njia nzuri sana, na waliitumia kwa hilo. Kwa swichi ya joto ina kasoro mbili kubwa. Atomi zilizotoka hazirudi, kwa hiyo huna swichi, una fyuzi. Na nafasi tupu zenyewe hutawanya fononi, hasa zenye masafa ya juu, kwa hiyo hutaweza kusema kama joto limepungua kwa sababu ya awamu au kwa sababu ya matundu. Isitoshe, kabla ya kuamini kwamba unayo 1T′, angalia tena spektra zako karibu na 122 na 141 cm⁻¹. Hivyo ni vilele vya teluri tupu. MoTe₂ iliyoungua huacha teluri juu yake, na watu wengi wameshaviita vilele hivyo 1T′. Usiridhike mpaka uone 163 na kile cha karibu na 258, na 235 kiwe kimepotea.

Njia nyingine za kubadili awamu nitazipima kwa kigezo kimoja, yaani kama zitakuacha upime joto baadaye. MoTe₂ ilichaguliwa na watu wengi kwa sababu nzuri: tofauti ya nishati kati ya 2H na 1T′ ni kadiri ya elektronivolti 0.04 kwa kila kizio cha MoTe₂, wakati ya MoS₂ inazidi nusu elektronivolti. Ndiyo maana mwaka 2017 kikundi cha Berkeley kiliweza kugeuza tabaka moja la MoTe₂ kwenda na kurudi kwa umeme tu, kwa kutumia kimiminika cha ioni kama lango. Ni kazi safi kwa sababu haitoi atomi yoyote. Lakini fikiria tabaka moja lililozamishwa kwenye kimiminika: joto litavuja juu na chini, na tumerudi kwenye mfereji wetu. Njia ya kuvuta kipande kwa kani ina shida ya aina hiyohiyo, kwani mara nyingi kipande kinashikwa na kitako (bamba la chini) kinachokivuta, na kitako hicho ni kinene mara elfu. Kupasha fuwele nzima hadi nyuzi 900 hivi na kuipoza ghafla hutoa 1T′ nzuri, ila hufanywa ndani ya mrija wa kwatzi (quartz) uliofungwa bila hewa, si juu ya kipande kilicho kwenye silikoni.

Kwa vifaa ulivyo navyo, ushauri wangu ni usigeuze kitu chochote kwa sasa. Fuwele za 2H na za 1T′ huuzwa kila moja peke yake, zimekuzwa hivyo tangu mwanzo. Nunua zote mbili, bandua vipande vya unene unaofanana, na upime kila kimoja kikiwa kimening'inia juu ya tundu. Utajibu swali ambalo kila anayejenga swichi lazima alijue kwanza: awamu safi kwa awamu safi, tofauti ni kiasi gani? Usitegemee mara 10. Ukipata thuluthi, au nusu, na ukaitetea vizuri, hiyo ni tasnifu.

Vipimo vyenyewe viende hivi. Tumia kitako chenye matundu ya kipenyo cha mikromita 6, yenye kina cha angalau mikromita 1. Chagua vipande vya nanomita 5 hadi 10 vyenye upana usiopungua mikromita 15, ili kingo zishike vizuri pande zote. Vihamishe kwa utando wa PDMS (mpira laini unaopitisha mwanga) polepole, kitako kikiwa na joto la nyuzi 60 hivi, na uthibitishe unene kwa hadubini ya nguvu za atomi pale kipande kilipokalia kitako, kamwe si juu ya tundu. Usivutiwe na tabaka moja. Kwa kipande cha nanomita 5 chenye upitishaji wa 20, mikrowati 10 zikifyonzwa katikati ya tundu hupandisha halijoto kwa kelvini 28 hivi. Kwa tabaka moja nguvu ileile inapandisha 200, na kipande kinaungua kabla hujapata alama ya tatu kwenye grafu.

Halafu hewa. Wengi hudhani hewa ni kihami na kuipuuza, lakini kwenye pengo la mikromita moja hewa hupitisha joto kiasi kinachokaribiana na utando mwembamba kama wako. Pima ndani ya chumba cha ombwe chenye dirisha, chini ya paskali 10. Pampu ya kawaida ya mzunguko inafika hapo. Ombwe litakulinda pia na oksijeni, maana 1T′ nyembamba huharibika hewani kwa saa au siku chache. Usijaribu kuilinda kwa kuifunika na boroni naitraidi kabla ya kipimo hiki. Nanomita 10 za kifuniko hicho, hata tukikadiria wati 300 tu kwa mita kwa kelvini, zina 3 × 10⁻⁶ W/K, mara 30 ya kipande chako. Utapima kifuniko.

Urekebishaji ufanye kwa kila awamu peke yake, kwa kilele chake. Panda kutoka nyuzi 25 hadi 150 kwa hatua za 25, subiri dakika 10 kila hatua, na leza iwe chini kabisa ya kiwango kinachosogeza kilele. Mwendo utakaoupata utakuwa wa kadiri ya 0.01 cm⁻¹ kwa kelvini. Sasa unaona tatizo: zile kelvini 28 ni 0.28 cm⁻¹ tu. Kwa hiyo tumia gratingi (kitawanya mwanga cha mashine) ya mistari 1800 kwa milimita au zaidi, linganisha kila asubuhi na kilele cha silikoni cha 520.7, na rudia kila alama mara kadhaa hadi kosa la kilele lishuke chini ya 0.03. Baada ya kila nguvu ya juu rudi kwenye nguvu ya chini kabisa. Kilele kisiporudi mahali pake, kipande kimeharibika, na alama zote zilizofuata zifutwe.

Kosa kubwa kuliko yote litatoka kwenye ufyonzaji, si kwenye spektra. Usichukue namba ya mtu. Weka kipande cha unene uleule juu ya kioo, pima mwanga unaopita na unaorudi kwa leza ileile na lenzi ileile, toa kwenye jumla, na ufanye hivyo kwa 2H na kwa 1T′ kila moja. Ukikosea ufyonzaji kwa asilimia 30, upitishaji wako umekosea kwa asilimia 30 ileile, hata grafu ikiwa imenyooka namna gani. Kwa 1T′, zungusha pia kipande chini ya mwanga uliopolarishwa, kwa sababu ufyonzaji wake nao unategemea mwelekeo wa minyororo. Tundu la duara litakupa wastani wa pande mbili. Andika wazi kuwa ni wastani.

Na kabla ya hayo yote, chukua VO₂. Ina mgeuko wa kuaminika kwenye nyuzi 68, hewani, bila lithi wala kisanduku. Kama mfumo wako wa kudhibiti halijoto na kusoma Raman hauoni mgeuko huo mahali pake, usiupe kazi ngumu ya MoTe₂.

Nimeiacha butili-lithi mwisho kwa makusudi. Msimamizi wako ana haki kwa upande wa kemia: ni njia ya zamani na yenye matokeo ya kugeuza MoS₂ kuwa ya kimetali, na awamu hiyo hurudi 2H ukiipasha moto hadi nyuzi 300 hivi. Lakini butili-lithi huwaka yenyewe inapokutana na hewa au unyevu, na imeyeyushwa ndani ya heksani, ambayo nayo hushika moto kwa urahisi. Bila kisanduku cha glavu au mfumo kamili wa gesi kavu, na bila mtu aliyefundishwa akisimama kando yako, jibu ni hapana, hata kwa mililita moja, hata kwa "mara hii tu". Maji hayazimi moto wake, yanauchochea. Kinachohitajika karibu ni poda kavu ya kuzimia moto au mchanga mkavu. Kama maabara yenu haijui hilo kwa moyo, haijawa tayari. Vivyo hivyo msikuze MoTe₂ kwenye tanuri kwa gesi ya haidrojeni bila chemba ya kufyonza hewa, kwa sababu haidrojeni na teluri ya moto hutoa gesi yenye sumu. Dalili ya kwanza ya mtu aliyevuta teluri ni pumzi yenye harufu ya vitunguu saumu. Akionekana nayo, kazi isimame na aende hospitali na jina la kemikali limeandikwa kwenye karatasi.

Kuna sehemu mbili ambazo unapaswa kuomba msaada wa ana kwa ana, na kuziomba si udhaifu. Moja ni mpitisho wa kukata tabaka, ambao Raman haiwezi kukupa kwa uaminifu. Unahitaji kipimo cha leza mbili za mipigo mifupi, na hicho kiko kwenye maabara chache. Ya pili ni seli ya lithi yenyewe, endapo baada ya awamu safi utataka swichi inayokwenda na kurudi. Wakati huo hamia MoS₂, mahali palipo na kisanduku na mtu wa betri, kwa wiki chache za ushirikiano. Unapowaandikia, wape vitu wanavyovihitaji kuamua: unene wa vipande na ulivyoupima, spektra kamili kuanzia 100 hadi 450 cm⁻¹, tarehe ya kubandua, saa ambazo kipande kimekaa hewani, na ufyonzaji wako wa awamu zote mbili. Maabara nyingi hukataa sampuli zinazofika bila maelezo, na ni haki yao.

Kwenye tasnifu badilisha sentensi moja tu ya lengo. Pale palipoandikwa kwamba awamu ya kimetali itaongeza upitishaji joto, andika kwamba utapima mgawanyo wa mchango wa elektroni na wa fononi katika kila awamu. Mchango wa elektroni utaupata kwa kupima ukinzani wa vipande vyako vya 1T′ kwa miguso minne, kazi ya siku moja, na hesabu ya Wiedemann na Franz uliyoiona juu. Vipande viwili vya ziada kutoka kwenye fuwele ileile viweke kando kwa ajili hiyo tangu siku ya kubandua.